Lebo Ndogo, Sheria Nyingi: Bidhaa za Watoto Zinazotengenezwa kwa Mkono Marekani

Chukua sungura wa kitambaa aliyeshonwa juu ya meza ya jikoni mjini Omaha, jimbo la Nebraska. Macho yake ni ya uzi, tumbo limejazwa nyuzi za poliesta, shingoni amefungwa utepe. Anatosha kiganjani. Fundi aliyemshona anataka kumuuza kwenye maonyesho ya mwisho wa wiki na pia mtandaoni, na amebakiwa na swali moja linaloonekana jepesi: lebo yake iandikwe nini?

Akiuliza wenzake watano atapata majibu matano. Wa kwanza atamwambia aandike aina ya kitambaa na asilimia zake. Wa pili atasema aandike tarehe. Wa tatu atamtuma akatafute namba ya usajili. Wa nne atamshauri abandike onyo la vitu vidogo vinavyokwama kooni, ajikinge tu. Wa tano, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, atamwambia: wewe ni mdogo, sheria hizo ni za viwanda.

Wanne wa kwanza hawasemi uongo. Kila mmoja ameshika sheria inayohusu bidhaa aliyowahi kuiuza yeye. Huyo wa tano ndiye hatari, na tutamrudia. Fujo yote inatokana na kudhani kwamba Marekani kuna sheria moja ya lebo za bidhaa za watoto. Haipo. Zipo sheria kadhaa, zilizotungwa miaka tofauti, zinazosimamiwa na ofisi tofauti, na kila moja ina swali lake. Nyingine inauliza: bidhaa hii imetoka kwa nani, lini? Nyingine: imefumwa kwa nyuzi gani? Nyingine: inaweza kumdhuru mtoto vipi? Kinachofanya zionekane kitu kimoja ni kwamba majibu yote yanagombea nafasi kwenye kipande kilekile cha utepe.

Swali la kwanza ndilo jipya zaidi, nalo lina historia yake. Mwaka 2006 mtoto wa miaka 4 alikufa huko Minneapolis baada ya kumeza kidani kidogo cha chuma ambacho karibu chote kilikuwa madini ya risasi. Mwaka uliofuata mambo yakafumuka. Juni 2007 kampuni ya RC2 iliwaomba wateja warudishe treni za mbao za Thomas & Friends na vipuri vyake, jumla yapata milioni 1.5, kwa sababu ya rangi yenye risasi. Agosti ikafuata Mattel na vinyago vya Fisher-Price. Wazazi walibaki wakigeuzageuza vinyago mikononi na kujiuliza: hiki ni katika vile vibaya au vile salama? Mara nyingi kinyago chenyewe hakikuwa na alama ya kuwajibu.

Jibu la Bunge la Marekani lilikuwa Sheria ya Kuboresha Usalama wa Bidhaa za Walaji, maarufu kwa kifupi cha CPSIA, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 14 Agosti 2008. Ilibana viwango vya risasi, ikadai vipimo vya maabara huru, na katika kifungu cha 103 ikaagiza kitu kinachoitwa lebo ya ufuatiliaji. Agizo hilo lilianza kutumika Agosti 2009. Msimamizi ni Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC.

Linahusu kila bidhaa iliyokusudiwa hasa watoto wa miaka 12 au chini ya hapo. Neno "hasa" lina uzito. Kalamu ya kawaida inatumiwa na mtoto na mtu mzima, kwa hiyo haiingii. Sungura wetu anaingia, na haisaidii kumwandikia kwamba ni pambo la watu wazima. Tume haiangalii tu alichoandika mtengenezaji. Inaangalia pia bidhaa ilivyotangazwa, watu kwa kawaida wanavyoichukulia, na miongozo yake yenyewe ya umri. Sungura mwororo mwenye uso wa tabasamu ni wa mtoto, useme usiseme.

Lebo ya ufuatiliaji inatakiwa imwezeshe mnunuzi kujua mambo manne: nani ametengeneza, wapi, lini, na bidhaa ni ya mkupuo upi, yaani kundi lipi la utengenezaji. Basi. Sheria haikutoa muundo maalumu, haikutaja ukubwa wa herufi, wala haikusema yote yakae mahali pamoja. Jina la biashara likiwa tayari limefumwa kwenye utepe wa shingoni, na tarehe ikawa kwenye lebo ya mshono wa ubavuni, hesabu imekamilika. Hata msimbo unakubalika, mradi mnunuzi ana njia ya kuufumbua: anwani ya tovuti au namba ya simu, na mtu upande wa pili anayeweza kusema msimbo ule maana yake nini. Kwa sungura wa Omaha ingetosha jina la biashara, "Omaha, Nebraska", mwezi na mwaka, na "Mkupuo 14".

Masharti mawili ndiyo yanayowakamata mafundi. Kwanza, alama iwe ya kudumu, maana yake itarajiwe kukaa muda wote ambao bidhaa itatumika. Kadi nzuri iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani haihesabiki, kwa sababu inakatwa siku ya kwanza. Kibandiko cha karatasi nacho hakihesabiki. Inayokubalika ni lebo iliyoshonwa, mhuri uliochomwa kwenye mbao, maandishi yaliyochapwa kwa wino usiotoka kwa kufua. Pili, alama iwe kwenye bidhaa na pia kwenye kifungashio. Hapa sheria ni laini kidogo: kama lebo ya bidhaa inaonekana bila kufungua kifungashio, kama ilivyo kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, hakuna haja ya kurudia. Na ile ya kwenye kifungashio haihitaji kudumu kuliko safari ya kumfikia mnunuzi.

Sasa hilo neno mkupuo. Nimeliweka kwa makusudi, kwa sababu mafundi wengi huliruka wakidhani ni la viwanda vyenye mikanda ya kusafirisha bidhaa. Mtu anayeshona sungura sita kwa wiki anauliza kwa haki kabisa: mkupuo wangu ni upi? Kila sungura? Kila mwezi? Kila ninapowasha cherehani?

Tume haikumpangia. Katika mwongozo wake wa 2009 ilieleza kwamba haitarajii mtengenezaji mdogo aanzishe mfumo wa namba kama wa kiwanda. Inatarajia atumie busara inayolingana na biashara yake. Lakini uhuru huo una mantiki ndani yake, na mantiki ni hii: mkupuo ni kundi la vitu ambavyo kimoja kikiwa kibaya, vyote vinashukiwa. Kinachounganisha sungura kwa sungura kwa hiyo ni malighafi. Wiki ya mshono ina uzito mdogo.

Fundi wetu amenunua jora la kitambaa Januari akalimaliza Aprili. Sungura wote wa jora hilo ni ndugu. Aprili akanunua jora jingine, la rangi ileile, dukani palepale. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa ufuatiliaji tofauti ni kubwa, kwa sababu jora la pili huenda limetoka kiwanda kingine, limetiwa rangi nyingine. Hapo namba inapanda: mkupuo 15. Akibadilisha nyuzi za kujazia, inapanda tena. Akianza kutumia vifungo badala ya macho ya uzi, inapanda, na pengine huyo si sungura yuleyule tena mbele ya sheria, kwa sababu ambazo tutaziona.

Pembeni kuna daftari. Lebo yenyewe ni ufunguo tu. Mlango uko kwenye daftari: mkupuo 15, ulianza tarehe fulani ukaisha tarehe fulani, kitambaa kutoka kwa muuzaji huyu kwa risiti hii, uzi huu, idadi hii. Kama inawezekana, na nani walinunua. Siku muuzaji wa kitambaa anapopiga simu kusema shehena ya mwezi wa nne ina kasoro, fundi mwenye daftari anawaandikia wateja 40. Asiye na daftari anawaandikia wote aliowauzia tangu aanze, au mbaya zaidi, hana wa kumwandikia. Kuna watu wanaoiona lebo hii kama mzigo wa serikali. Mimi naiona zaidi kama bima ya fundi, kwa sababu ndiyo inayolifanya kosa la jora moja libaki kosa la jora moja.

Kuna vitu visivyobeba lebo. Sheria yenyewe inasema alama iwekwe "kadiri inavyowezekana", na Tume imekubali kwamba wakati mwingine haiwezekani: kitu ni kidogo mno, alama ingekidhoofisha au kukiharibu, au uso wake haushiki maandishi. Hereni za mtoto zenye ukubwa wa punje ya mtama zinaachwa, na taarifa zinahamia kwenye kadi au kikasha chake. Ila kuwa na sura nzuri si sababu. "Lebo itaniharibia mwonekano" si hoja, maana sungura ana mshono wa chini ya mkia ambao hakuna anayeutazama.

Turudi kwa yule wa tano, wa "wewe ni mdogo". Maneno yake yana mzizi. Sheria ya 2008 ilipotoka, mafundi wa mikono walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Kupima kinyago kimoja katika maabara huru kungeweza kugharimu kuliko faida ya vinyago vyote vya aina hiyo. Tarehe 10 Februari 2009, siku ambayo viwango vipya vya risasi vilianza kubana, wengine waliibatiza Siku ya Kitaifa ya Kufilisika. Baada ya kelele nyingi Bunge likarekebisha mambo kwa sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama tarehe 12 Agosti 2011. Ndiyo iliyowatambua watengenezaji wa kiasi kidogo: wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka kutokana na bidhaa za walaji, kiwango ambacho hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei, na ambao hawakutengeneza zaidi ya vipande 7,500 vya bidhaa ileile.

Anayetimiza yote mawili hujisajili kwa Tume, na husajiliwa upya kila mwaka. Anachopata ni nafuu ya vipimo vya maabara huru, tena si vyote. Rangi inayopakwa juu, vito vya chuma vya watoto, nyonyo bandia, vitanda vya watoto wachanga na bidhaa nyingine kubwa za wachanga, pamoja na kipimo cha vipande vidogo kwa bidhaa za walio chini ya miaka 3, hivyo hupimwa hata kama umetengeneza kumi tu. Katika mengine anaruhusiwa kujiridhisha kwa njia nyingine, kama taarifa za muuzaji wa malighafi. Ila viwango vyenyewe havishuki kwa ajili yake: risasi katika vifaa isizidi sehemu 100 kwa milioni, na katika rangi ya juu sehemu 90 kwa milioni. Pamba, sufu, hariri, kitani na mbao zisizopakwa kitu zina bahati. Tume imeshaamua kwamba kwa asili yake hazivuki kiwango cha risasi, kwa hiyo hazihitaji kupimwa risasi. Ndiyo maana macho ya uzi yana amani kuliko macho ya vifungo vya chuma.

Lakini hakuna mahali popote ambapo sheria ya 2011 ilimwondolea mdogo lebo ya ufuatiliaji. Cheti cha bidhaa ya watoto nacho kinabaki, hati ambayo mtengenezaji anatamka kwamba bidhaa inatimiza kanuni zilizotajwa. Cheti si lebo, wala hakishonwi popote. Kinaandamana na mzigo, na kinaweza kuwa cha kielektroniki. Watu huchanganya vitu hivi vitatu, kipimo, cheti na lebo, halafu msamaha wa kimoja wanaueneza juu ya vyote. Adhabu haitazami ukubwa wa meza ya jikoni: sheria ya 2008 ilipandisha faini za madai hadi dola 100,000 kwa kosa moja, na hadi milioni 15 kwa mfululizo wa makosa, na viwango hivyo vimeongezwa tangu hapo. Ni kweli kwamba mtu wa sungura sita kwa wiki hatarajiwi kufikishwa huko. Kinachompata zaidi ni soko la mtandaoni kushusha bidhaa zake kwa kukosa hati.

Tuache sungura, tushone gauni la mtoto. Sasa anaingia mwenyeji mwingine, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, na swali lake halina uhusiano na usalama. Sheria ya utambulisho wa nyuzi ya 1958 inataka mnunuzi ajue amenunua nini: majina ya nyuzi na asilimia zake kwa uzito, kuanzia iliyo nyingi, nchi ilikotengenezwa, na jina la biashara au namba ya utambulisho inayoitwa RN, ambayo FTC huitoa bure kwa biashara za Marekani. Uzi usiofika asilimia 5 kwa kawaida huandikwa tu kuwa ni nyuzi nyingine. Kofia au sweta yenye sufu ina sheria yake ya zamani zaidi, ya 1939. Vinyago haviguswi na sheria ya nyuzi, ndiyo maana mshona sungura na mshona magauni wakikaa meza moja hawaelewani.

Gauni linadai pia maelekezo ya utunzaji, yaani lifuliwe na kukaushwa vipi, chini ya kanuni ya 1971. Lebo ya utunzaji lazima idumu maisha yote ya nguo. Lebo ya nyuzi inatosha ikimfikia mnunuzi. Na nchi ya asili ina mtego wake. Fundi wa Omaha aliyeshona kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka nje hawezi kuandika tu kwamba gauni limetengenezwa Marekani. Aseme limetengenezwa Marekani kwa kitambaa cha nje. Dai tupu la "limetengenezwa Marekani" linataka karibu kila kitu kiwe cha humo humo, na tangu Agosti 2021 FTC ina kanuni inayoiruhusu kuomba faini kwa anayelitumia ovyo.

Nguo za kulalia ndizo ningemwogopesha nazo mshonaji anayeanza. Zina kanuni za kushika moto za saizi 0 hadi 14, na njia rahisi ya kuzikwepa ni kushona nguo ya kubana mwili kwa vipimo vilivyowekwa. Nguo hiyo sharti ibebe lebo ya kudumu shingoni inayosema ivaliwe ikibana na kwamba haizuii moto, pamoja na kadi ya kuning'inia yenye onyo refu zaidi. Nguo za wachanga wa miezi 9 au chini zina msamaha wake. Ujanja wa kuiita pajama "nguo ya kupumzikia nyumbani" haufanyi kazi. CPSC, inayosimamia kanuni hizi, inaijua mbinu hiyo.

Ndipo tufike kwenye onyo, lile ambalo jirani wa nne alitaka libandikwe "kujikinga". Kinyago cha miaka 3 hadi 5 chenye vipande vidogo kinatakiwa kubeba onyo la kukwama kooni, lenye maneno yaliyowekwa na sheria ya 1994, ambayo hayatungwi upya. Kipande kidogo ni kile kinachoingia chote katika silinda ya majaribio yenye kipenyo cha milimita 31.7, takriban koo la mtoto mdogo. Kinyago kikiuzwa kwenye tovuti ambapo mtu anaweza kununua papo hapo, onyo lionekane pia kwenye ukurasa huo kabla ya kulipa.

Ila kinyago cha chini ya miaka 3 hakiruhusiwi kabisa kuwa na vipande hivyo, na onyo halikihalalishi. Sungura mwororo anahesabiwa kuwa wa wachanga, haidhuru umeandika "miaka 3 na kuendelea" kwa herufi kubwa kiasi gani. Akiwa na macho ya vifungo yanayong'oka, tatizo lake haliko kwenye lebo. Vivyo hivyo mito ya kuzungushia kingo za kitanda cha mtoto, iliyopigwa marufuku 2022: hakuna maandishi ya kuiokoa.

Mbeleko, kwa upande wake, inabeba karibu kila kitu. Kwa sheria ya Marekani ni bidhaa ya wachanga yenye kanuni yake tangu Januari 2018: inapimwa katika maabara huru hata kwa aliyesajiliwa kuwa mdogo, ina maonyo ya kushonewa juu ya hatari ya mtoto kukosa hewa, ina lebo ya ufuatiliaji, na inauzwa pamoja na kadi ya usajili iliyolipiwa posta, ili mzazi aache jina na anwani kwa ajili ya taarifa za hatari pekee. Kadi hiyo ilitokana na kifo cha Danny Keysar, mtoto wa miezi 16 aliyekufa Chicago mwaka 1998 kitanda cha kukunja kilipomporomokea. Kitanda hicho kilikuwa tayari kimetangazwa kurudishwa, ila tangazo halikumfikia aliyekuwa akikitumia.

Sungura wetu bado hajamaliza. Majimbo yana yao. Pennsylvania inataka mtengenezaji wa vinyago vya kujazwa ajisajili, na kila kinyago kinachouzwa humo kiwe na lebo ya namba hiyo na kilichojazwa ndani. Kifurushi kimoja kutoka Omaha kwenda Philadelphia kinatosha kuliibua swali hilo.

Utepe wake basi unahitaji jina, mahali, tarehe, mkupuo, na labda namba ya jimbo. Anayeagiza tepe 500 zenye mwezi na mwaka uliochapwa atabaki na mia tatu zilizopitwa na wakati. Agiza zenye jina, mji na tovuti tu, acha nafasi wazi, kisha jaza tarehe na mkupuo kwa kalamu ya nguo isiyotoka. Jaribu kwanza kwa kufua utepe mmoja mara kadhaa kwa maji ya moto. Ukisomeka, shona.